Bendera Iliyokaa Kashani

Mie ni mtoto wa Gombani, Chake Chake, mahali ambapo mtu akisema "nakwenda uwanjani" haulizwi uwanja gani. Tarehe 12 Januari 2019, Mapinduzi yalipotimiza miaka 55, kilele cha sherehe kilifanyika hapo hapo kwetu. Sisi wanafunzi tulipelekwa asubuhi mapema kujaza majukwaa. Tukapewa vibendera vya karatasi, buluu, nyeusi na kijani, na bendera ya Jamhuri ya Muungano pembeni juu. Rais Ali Mohamed Shein, ambaye na yeye ni mtu wa Pemba, alikuwa mgeni rasmi. Nilikuwa na miaka 14. Nilipunga mpaka kijiti kikavunjika, na nilifurahi, sisemi uongo.

Niliporudi nyumbani nilimkuta babu barazani na redio yake. Hakwenda. Hakuwa akienda miaka yote. Aliniuliza, "Watu walikuwepo?" Nikamjibu, tele. Akasema, "Alhamdulillahi," akarudi kwenye redio.

Babu alifariki mwaka 2022. Tulipofungua kasha lake tulikuta kanzu, vitabu vya dini, stakabadhi za kuuzia karafuu, na chini kabisa kitambaa chekundu kilichokunjwa mara nne. Katikati kilikuwa na duara la kijani, na ndani ya duara karafuu mbili za manjano. Zilidariziwa kwa mkono na dada yake babu, ambaye alikuwa mshona kofia. Karafuu moja ni kubwa kuliko mwenziwe.

Wengi wenu mmeshaiona picha ya bendera hiyo. Ndiyo iliyokuwa bendera ya Zanzibar tangu uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Siku 33 tu. Wekundu wake ulitoka kwenye bendera ya masultani, iliyopepea visiwani na hata juu ya Ngome ya Yesu kule Mombasa. Duara na karafuu viliongezwa kwa ajili ya uhuru.

Nikaiomba, nikapewa. Nilipopata nafasi ya chuo nikavuka nayo kuja Unguja, nikaigonga msumari ukutani juu ya kitanda changu dahalia, nikaipiga picha nikaiweka kwenye stetasi. Niliandika maneno mawili tu: "Babu yangu."

Nataka nieleze kwa nini, ili msije mkafikiri nilifanya kwa kutafuta ugomvi. Desemba 1963 babu alikuwa na miaka 19. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, alichapwa bakora hadharani, mbele ya watu waliomjua tangu mtoto, kwa sababu kaka yake alikuwa mwanachama wa Hizbu. Hakupata kututajia aliyeishika bakora ile. Kwangu mie kitambaa kile hakikuwa na habari ya sultani. Kilikuwa ni babu yangu kabla ya kuchapwa.

Majibu yalikuja siku ile ile. Binamu yangu wa Maskati alinitumia sauti akilia. Familia yao iliondoka Unguja mwaka 1964, na mdogo wa babu yake aliuawa katika siku zile. Hawajui alizikwa wapi. Kwao bendera hii imebandikwa ndani ya gari na imetundikwa sebuleni, na mtu akiitazama anamwombea dua yule asiye na kaburi.

Mwanachuo mwengine, wa mwaka wa tatu, akaja mpaka chumbani. Yeye akasema, "Mie sultani simtaki hata kidogo. Mie nakitaka kile kiti." Alikuwa na maana ya kiti cha Umoja wa Mataifa, maana Zanzibar iliingia uanachama tarehe 16 Desemba 1963, siku moja na Kenya. Kwake yeye bendera ile ni dola, na karafuu ni mapambo tu. Wa tatu akauliza fulana yake inauzwa wapi, kwa sababu kaipenda rangi.

Mwenzangu wa chumba hakusema kitu. Yeye ni mtoto wa Ng'ambo, hapa mjini. Tulikuwa tukila pamoja, tukisali pamoja, tukikopeshana nauli. Aliitazama mara moja, akaniuliza kama nimeshaona chaja yake, basi. Akalala chini ya bendera ile wiki tano.

Wiki ya tano tulikuwa na mjadala darasani kuhusu alama za kihistoria. Mhadhiri alituletea habari ya bendera ya Confederate, yale majimbo ya Kusini ya Marekani yaliyojitenga kuanzia mwishoni mwa 1860 ili yaendelee na utumwa, yakaingia vitani na yakashindwa mwaka 1865. Karibu miaka mia baadae, wakati Wamarekani weusi wanadai haki zao, jimbo la South Carolina likaipandisha bendera ya vita ya jeshi lile juu ya jengo la bunge lake. Ikakaa hapo, kisha uwanjani mbele ya jengo, mpaka Juni 2015, kijana mzungu aliyekuwa akijipiga picha na bendera hiyo alipoingia kanisani Charleston akaua watu weusi tisa. Kabla serikali haijaamua, mwanamke mmoja, Bree Newsome, alipanda mlingoti mwenyewe akaiteremsha, akakamatwa. Tarehe 10 Julai 2015 ikashushwa kwa sheria.

Wanaoitetea wana hoja yao. Wanasema ni urithi, ni babu zetu waliokufa vitani, hatumchukii mtu. Mie nilinyoosha mkono. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba anayetundika bendera hana haki ya kumchagulia anayeiona maana yake. Kama jirani yako babu zake walifungwa minyororo chini ya kitambaa hicho, huwezi kumwambia akione kama unavyokiona wewe. Nikataja na Afrika Kusini, ambako mwaka 2019 mahakama iliamua kuwa kuionesha bendera ya enzi za ubaguzi bila sababu ya maana ni kauli ya chuki. Darasa likapiga makofi.

Usiku, taa zimezimwa, mwenzangu akaniita.

"Sheikh, leo darasani umesema maneno mazuri."

"Ahsante."

"Ulisema anayetundika hawezi kumchagulia anayeona. Basi na mie nakuomba usinichagulie."

Nikakaa kitandani. Akanisimulia kitu ambacho katika mwaka mzima wa kuishi pamoja sikuwahi kumuuliza. Bibi mzaa bibi yake aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, akapelekwa Pemba kuchuma karafuu. Tunasoma kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika, na kwamba tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hilo. Huwa hatujiulizi ni mikono ya nani iliyochuma. Soko la watumwa mjini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Kati ya miaka hiyo ndipo alipokuwa bibi yao, juu ya mkarafuu, kwetu.

"Wee ukizitazama zile karafuu mbili unamuona babu yako," akaniambia. "Mie namuona yule mtoto. Na mie ndie ninaelala chini yake."

Nilijitetea, na hoja zangu hazikuwa za uongo. Nilimwambia bendera hii si sawa na ile ya Marekani. Haikuzaliwa vitani kutetea utumwa. Ilipandishwa miaka 66 baada ya utumwa kufutwa. Ilikuwa ya serikali iliyotokana na uchaguzi, na waziri mkuu wake, Mohammed Shamte, alikuwa Mpemba. Na waliolia ilipoteremshwa walilia kwa damu yao pia.

Naye akanijibu kwa hesabu. Uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura, wakapewa viti 13 kati ya 31. Bibi yake alipiga kura ile. Baada ya Mapinduzi familia yao ilipata eka tatu, ardhi ya kwanza kuwahi kuwa na jina lao. "Sikusema ni sawa na ya Marekani," akasema. "Nimesema nalala chini yake."

Hatukugombana. Ingekuwa afadhali tungegombana. Siku zilizofuata tulisalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki. Alianza kula na wengine. Nami nikawa najiambia, nikiishusha nimemsaliti babu. Binamu wa Maskati ataiona stetasi mpya na atajua. Nisipoishusha nampoteza mtu aliyenikalia hospitali usiku mzima nilipougua mwaka wa kwanza. Mwishowe niliikunja, lakini niliikunja kwa hasira, na yeye aliiona ile hasira.

Likizo ilipofika nilimuomba twende wote Pemba. Sikutegemea atakubali. Tukapanda boti mpaka Mkoani, tukachukua gari ya abiria mpaka Chake. Njia nzima alikuwa akitazama mikarafuu.

Usiku baada ya kula tulikaa barazani na bibi. Nikamuuliza, "Bibi, ile bendera babu aliitundika mwisho lini?"

"Hakupata kuitundika, mume wangu. Labda ile siku yenyewe ya uhuru, mie sijaolewa. Tangu nimeingia nyumba hii iko kashani."

"Kwa khofu?"

"Mwanzo khofu. Baadae jirani."

Akatuonesha kwa kidole ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ambayo nimeijua maisha yangu yote. Yule mzee, alisema, alipewa eka tatu, na katika eka hizo imo ardhi iliyokuwa ya watu wa babu. Miaka ya mwanzo hawakuwa wakisalimiana. Kisha mtoto wa mzee yule akafariki, babu akachukua jembe akaenda kuchimba. Mama yake babu alipofariki, mzee yule akaja na jembe lake. Tangu hapo ikawa hivyo.

"Kijana mmoja aliwahi kumwambia babu yako aitoe bendera aitundike siku za uchaguzi," bibi akasema. "Akamjibu, mtu atakaenichimbia kaburi nimtundikie nini mimi machoni mwake? Na kweli, ndie aliyemchimbia."

Kisha akamgeukia mwenzangu. "Na wewe mwanangu, watu wako ni wa wapi?"

Akamwambia ni wa Ng'ambo. Akasita, halafu akaongeza kuwa bibi yao wa zamani alikuwa Pemba, kwenye karafuu, lakini hawajui shamba gani.

Bibi alinyamaza kidogo. Hakuuliza alikuwa huko kwa kazi gani; watu wa umri wake hawana haja ya kuuliza. Akasema, "Basi umekuja kwenu. Kesho akupeleke mashamba yote uyaone."

Tuliyatembea. Asubuhi ya kuondoka nilifungua kasha ili niirudishe bendera, na mwenzangu akaomba aishike. Aliipitisha kidole juu ya darizi. "Hii moja kubwa," akasema. Nikamwambia, ndiyo, bibi yetu mshona kofia alikosea. Akaikunja mwenyewe mara nne.

Naandika haya kwa sababu najua dahalia zetu zina kuta nyingi na kila mmoja wetu ana babu yake. Sikuja na hukumu kwamba kitu fulani kipigwe marufuku. Kuificha historia kumetuponza vya kutosha. Mpaka leo wapo waliozikwa mwaka 1964 wasiojulikana walipo, na wapo waliochuma karafuu wasiojulikana majina yao. Bendera ya babu sitaichoma wala sitaionea haya. Atakaekuja nyumbani akataka kuiona nitamfungulia kasha, nimsimulie ya babu, na akiwa nayo yake nimsikilize. Hapo tutakuwa watu wawili tunaozungumza. Nilipoigonga ukutani, nilikuwa nazungumza peke yangu, na mwenzangu hana pa kwenda kulala.

Kosa langu kubwa halikuwa msumari. Kosa langu ni kwamba nilimtetea Mmarekani mweusi ambaye sijapata kumuona, nikapigiwa makofi, nami kwa wiki tano sikumuuliza aliye hatua mbili kutoka kitandani kwangu anaona nini.

Na swali hilo si langu peke yangu. Bendera ya Zanzibar tuliyonayo leo, iliyoanza kupepea Januari 2005, ni yetu sote, nami nitaipunga tena ikirudi sherehe Gombani. Lakini kila tarehe 12 Januari, wakati jukwaa limejaa, yuko mzee barazani kwake hakwenda. Wanaoshangilia wakumbuke kupita kumsalimia. Mwenzangu ndie aliyenambia hivyo, ndani ya boti, tukiwa tunarudi.

Sasa tunakula pamoja tena. Binamu wa Maskati bado hajajibu ujumbe wangu.