Sumbawanga, mji uliojengwa kwa jembe

Basi likishaipita Laela, miti inapungua na macho yanakwenda mbali. Hii ndiyo Ufipa, uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na upepo wake wa Juni haumbembelezi mtu. Asiyekuja na koti atalinunua mitumbani, hapohapo Sumbawanga.

Mji umenawiri. Lami ya kutoka Tunduma imewaondolea wafanyabiashara adha ya kukwama kwenye tope na gunia za mahindi na maharage, na nyumba za bati la rangi zinazidi kusogea kuelekea mashambani. Wanaoujua kwa utani wa radi na wachawi tu wamejipunja wenyewe; utani huo umechuja siku nyingi.

Ndani ya Manispaa kuna kata iitwayo Milanzi. Ukilisikia jina hilo, tulia kidogo. Ni la utawala mkongwe kuliko wote Ufipa, na watawala wake walihesabiwa kuwa wahunzi. Masimulizi ya Wafipa yanasema wanawake watatu wageni walifika mwene, yaani mtawala, akiwa mawindoni, wakakikalia kiti chake. Aliporudi, nchi haikuwa yake tena. Ukoo wao, Watwa, ndio uliokuja kutawala falme za Nkansi na Lyangalile. Mwene wa Milanzi akabakiwa na kijiji chake na heshima ya matambiko, jambo ambalo, ukiniuliza mimi, si haba.

Uhunzi huo haukuwa sifa tupu. Malungu, matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, bado yamesimama huku na huko mashambani. Yalivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka na taka zake kilikwenda kusafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililovukutwa. Tanuri jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi. Humo ndimo yalimotoka majembe.

Na jembe halijalala. Mvua zikikolea, mkulima hufyeka nyasi mbichi na kuzilaza, kisha huinua mabonge ya udongo na kuyapindua juu yake, nyasi zikiangalia chini, mpaka lipatikane tuta la duara. Wafipa huliita ntumba. Maharage huota juu huku nyasi zikioza ndani. Msimu unaofuata matuta hutawanywa, na ulezi au mahindi yakakuta mbolea imeshaiva. Hakuna bwana shamba aliyekuja kuwafundisha. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1880, alikiri kwamba katika safari zake hakuwahi kuona watu walioshikamana na kilimo kuliko hawa.

Wageni wengi hukimbilia maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji hudondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Yanapendeza, sikatai. Msitu wa Mbizi nao, juu ya mji, una mbega wekundu wa kutazamwa asubuhi nzima. Lakini mwenye siku moja tu aanze na ugali wa ulezi na mgebuka wa Tanganyika, kisha atafute mzee wa kumpeleka penye mojawapo ya malungu. Amwinamie, apige makofi taratibu, ajibu kila anachoulizwa kuhusu nyumbani, watoto na mifugo. Asitazame saa, salamu za Kifipa hazikatizwi.