Kiswahili Kilichotungoja Bwera

Tulitoka Kisumu alfajiri. Pale Busia vitambulisho vya taifa vilitutosha, maana tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana mipaka bila pasipoti. Gari ndilo lililodai makaratasi, pamoja na bima ya COMESA, ile kadi ya njano. Usukani haukuwa na mageni: Uganda nayo huendesha kushoto.

Ugeni ulikuwa wa lugha. Kila tulivyosonga magharibi, Kiswahili chetu kilizidi kupungua thamani. Tulipofika Fort Portal, mhudumu wa hoteli aliniuliza empaako yangu, lile jina la heshima ambalo Watooro husalimiana kwalo. Sina. Akanicheka kwa upole, akaniletea chai.

Asubuhi tukashika njia ya Kasese, Rwenzori ikiwa mkono wa kulia. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 na theluji yake iko karibu kabisa na Ikweta, lakini msafiri asijipe tamaa. Mlima huu hushinda umejifunika mawingu. Malori ya saruji yalituandama hadi Hima, yakatuachia lami.

Kasese ni mji uliozaliwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kuyachukua madini ya Kilembe, kilomita chache mlimani. Siku hizi treni haziji, na vijana wa bodaboda niliowauliza kituo kilipo walinielekeza kila mmoja upande wake.

Kutoka hapo hadi mpaka wa Kongo ni kilomita zipatazo 55. Mtu mwenye haraka huzimaliza kwa saa moja. Sisi zilitumalizia siku, na sijuti. Karibu na Kikorongo tulisimama penye alama ya Ikweta, tukapiga picha kama watoto wa shule, kisha tukashika barabara ya Bwera inayokatiza Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikabatizwa upya miaka miwili baadaye malkia alipoitembelea. Swala walikuwa wakila majani bila habari na sisi. Mbele kidogo tembo wanne walikuwa wakivuka, wa mwisho akiburuta miguu kama mzee atokaye msikitini. Tukazima injini. Kwa robo saa nzima hapakupita gari jingine.

Halafu Bwera, na kelele zake. Wenyeji ni Wakonzo, na mamalishe alitupakulia bundu, ugali wa muhogo, kwa sombe, yaani kisamvu. Sokoni kulikuwa na vitenge, samaki wakavu na mawese mekundu kwenye madumu. Nilikuwa nimeanza kuhesabu kwa vidole, kama nilivyozoea njia nzima, mwanamke mmoja aliponikatiza:

“Papa, onja kwanza. Iko muzuri!”

Kiswahili! Cha Kongo, chenye irabu zake na “aksanti” yake, lakini Kiswahili. Nikanunua lita mbili nisizozihitaji.

Jioni tulitembea hadi Mpondwe, penye mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kasindi, ambako saa iko nyuma kwa saa moja na magari hupita kulia. Tuliegemea ukuta wa duka moja tukitazama malori yakiuacha upande wetu, moja baada ya jingine, hadi giza likaingia.