Ukienda Kikopey, beba kikombe chako

UKITOKA Nairobi kuelekea Nakuru, ukishaipita Gilgil, moshi ndio unaokukaribisha Kikopey. Mabanda ya nyama choma yamepangana kando ya barabara kuu, na wauzaji huyapungia magari mikono kabla hayajasimama. Wasafiri wengi hula, hunawa na kuondoka. Wachache hukumbuka kwamba upande wa kushoto, chini kule, liko Ziwa Elementaita lenye ndege aina ya mwari na flamingo, na chemchemi za maji moto ambazo familia hufika kuoga. Ni matembezi ya siku moja yasiyomfilisi mzazi.

Nilipanga kushuka huko kwa miguu na wapwa zangu wawili, mmoja wa chuo kikuu, mwingine wa shule ya upili. Niliwaagiza kila mtu abebe shanta, maji na kikombe chepesi. Nikadhani nimesema neno dogo.

Mkubwa alitoa kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, alichokichukua jikoni kwa nyanya yake, yaani mama yangu. Mdogo alikuja na bunda la vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa. "Mjomba, hivi ni kama unyoya," akajigamba. Changu kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, chembamba, chenye mkono wa kukunjwa.

Mabishano yaliposhika moto, mwenye banda tulimokuwa tukingojea nyama alitukubalia tutumie mizani yake. Cha bati kikawa mzigo kuliko vyote. Changu kikafuata. Vya plastiki, hata vikiwekwa vitatu pamoja, havikuufikia uzito wa kimoja kati ya vile viwili. Mdogo akacheka.

Kisha supu ikaletwa, nasi tukaomba tumiminiwe katika vikombe vyetu. Kile cha plastiki kililegea, kikajikunja, na supu ikaishia kwenye suruali. Cha bati kilistahimili, ila ukingo wake ulimchoma mkubwa midomo. Hapa pana jambo la kujua kabla ya kununua. Vikombe vya aluminiamu, vile vya madini ya sufuria, ni vyepesi na bei yake ni nafuu, lakini aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko chuma kisichoshika kutu. Anayependa chai ya moto ajihadhari. Plastiki nzito ya kudumu haichomi midomo, ila haiwezi kuwekwa motoni. Vipo pia vya titaniamu, vyepesi na imara, lakini kwa bei yake ungekula mbuzi Kikopey na wenzako.

Vile vya kutupa nilimwambia mdogo aviache. Elementaita ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2010, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya Turathi za Dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Tangu Juni 5, 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, chupa na vikombe vikiwemo. Basi akawa wa kuazima kikombe, tena kwangu.

Tulifika chemchemini salama. Mkubwa, aliyekuwa akinywa moja kwa moja kutoka mdomo wa chupa njia nzima, alikuta chupa yake imebaki tone. Akauliza kwa nini tusiteke maji yale tukayachemsha. La hasha! Maji mengi ya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo yanayowafanya watoto wengi wa huku kuwa na meno ya rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuyaondoi; maji yakipungua kwa mvuke, floridi huzidi kukolea. Nalo ziwa lenyewe ni la magadi.

Kurudi ni kupanda, na jua lilikuwa la utosini. Katikati ya njia mkubwa aliketi chini ya mgunga akilalamika kichwa. Nilikusanya maji yote yaliyosalia, nikayapima kwa kikombe changu, ambacho hujaa robo lita. Yalitoka vikombe vitano. Yeye alipewa kimoja papo hapo, akinywa polepole, na mengine tukagawana nusu nusu kila tulipopumzika, hadi tukauona moshi wa mabanda.

Kwa hiyo ukienda dukani usiangalie wepesi tu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Gramu chache za kikombe si kitu mbele yake, na afadhali uongeze maji. Tafuta cha robo lita au zaidi kidogo, ambacho ujazo wake unaujua, chenye mdomo wa kuingiza vidole wakati wa kuosha, na kinachoweza kuvishwa kitako cha chupa ili kisikalie nafasi katika shanta.

Cha bati nacho kiliangukia mwamba wakati wa kupanda, kikabanduka rangi ukingoni, mahali ambapo kutu haitakawia. Kimekwisha kurudishwa kabatini. Mama bado hajaambiwa.