Chakula cha Shule kwa Watoto wa Nyumba Moja



Katika vijiji vyetu vya Magu, mwezi wa Januari ukifika, hapana neno linaloleta manung'uniko kama mchango wa chakula cha shule. Wako watoao kwa moyo mweupe, na wako wasemao, "Elimu ni bure, basi na chakula kiwe bure." Mimi ni baba wa watoto wanne. Mdogo yu katika darasa la awali, anayemfuata yu darasa la tatu, dada yao yu darasa la sita, na mkubwa wao yu kidato cha pili. Kwa hiyo mchango huu waingia nyumbani kwangu mara nne, tena kutoka shule mbili. Nimelifikiri jambo hili siku nyingi, nami napenda kuwaeleza nilivyoliona.

Kwanza yafaa tuijue amri ilivyo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za serikali, tangu darasa la awali hata kidato cha nne. Lakini Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza kazi ya kila mtu, na chakula cha mtoto wa kutwa kiliwekwa mikononi mwa mzazi wake. Mwezi wa Januari 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kuwadai wanafunzi michango, nasi sote twakumbuka jinsi katika mahali pengi wazazi walivyoshika neno la kukataza wakaliacha neno la kulisha. Hata mwaka 2021 ukatolewa mwongozo wa taifa juu ya chakula na lishe shuleni, unaotaka wazazi na jamii wakae pamoja na kamati ya shule, wapatane jinsi ya kuwalisha watoto. Basi neno hili ni letu sisi wenyewe.

Sasa tuangalie umri wa watoto, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtoto wa awali hutoka shuleni mapema kuliko wenzake. Kwa hiyo wazazi wengi husema, "Huyu wa nini kumtolea? Atakula nyumbani." Haya, arudipo nyumbani amkuta nani? Mama yu katika shamba la pamba au ameinama katika mpunga, na baba hayupo. Ndipo dada yake wa darasa la tano au la sita huambiwa, "Umwangalie mdogo wako, umpikie." Msichana huyo huacha hesabu ubaoni, hushika jembe la moto na sufuria, na saa za mchana humpita. Akifanya hivyo siku mbili kila juma, ameipoteza sehemu kubwa ya mwaka, na mtihani wa darasa la saba haumwulizi nani alimpikia mdogo wake.

Hili ndilo nililotaka hasa kuwaambia: kikombe cha uji cha mtoto mdogo ni shule ya dada yake. Mdogo akishiba shuleni, na akangoja kidogo chini ya uangalizi mpaka mwenzake wa darasa la kwanza au la pili atoke waongozane, yule mkubwa hana sababu ya kuondoka darasani. Mzazi anayemwacha mdogo ili aokoe kilo chache za unga, amemtoza binti yake deni asilolijua.

Na huyo wa sekondari je? Shule ya kata hutumika kwa vijiji vingi, na kijana huondoka alfajiri, hawezi kurudi mchana na kwenda tena. Amekwisha kuwa mkubwa wa mwili, na njaa yake ni kubwa vile vile. Asipopata kitu, huko karibu na ziwa hushawishika kwenda mwaloni kutafuta kibarua kwa wavuvi. Huanza kwa ajili ya samaki mmoja, na baadaye huonja fedha, na kitabu hufungwa.

Basi tufanye hesabu ya nyumba nzima. Mwaka wa shule una siku 194. Tuseme wa awali apimiwe gramu 60 za unga wa uji kwa siku, wale wawili wa shule ya msingi gramu 100 za mahindi kila mmoja, na wa sekondari gramu 150. Jumla ni gramu 410 kwa siku, na kwa mwaka ni karibu kilo 80. Gunia la kilo 100 halijaisha! Maharage, tukiwapa wale watatu wakubwa gramu 30 kila mmoja, hayafiki kilo 18. Liko bado neno la kuni, chumvi na ujira wa mpishi. Lakini mzigo wenyewe si mlima.

Mbona basi twauona kuwa mlima? Kwa sababu twaombwa mwezi wa Januari, wakati vihenge vimekuwa vyepesi, mahindi sokoni yamepanda bei, na palizi yatudai nguvu zote. Mwezi wa Juni na wa Julai, gunia lile lile liko nyumbani, nasi twaliuza kwa bei ndogo. Twajua habari za Yusufu katika nchi ya Misri. Hakungoja njaa ndipo aanze kutafuta nafaka. Alitenga wakati wa shibe. Nasi hutenga mbegu kabla ya kula, wala hapana mtu mwenye akili aliye mbegu yake. Fungu la shule nalo litengwe siku hiyo hiyo, mbele ya watoto wote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Nyumbani kwetu twafanya hivyo, na Januari imekuwa mwezi kama miezi mingine.

Najua ziko nyumba ambazo hata wakati wa mavuno hazina gunia. Yuko bibi anayelea wajukuu watano yatima, na mchango wa kila kichwa wamlemea yeye kuliko tajiri mwenye mtoto mmoja. Neno lake lisemwe wazi katika mkutano wa wazazi. Mwingine aweza kutoa michembe, au dagaa, au mzigo wa kuni, au siku za kazi katika shamba la shule. Na sisi tulio wa kanisa tuchukue fungu la wasioweza, pasipo kutangaza majina. Lakini mtoto asiondolewe katika mstari wa chakula kwa ajili ya mfuko wa baba yake. Akae na wenzake, ale. Wazee wamalizane na wazee.

Wala tusingoje mgeni atulishie watoto. Huko Kenya, tangu mwaka 1979, serikali ya Rais Moi iliwagawia watoto wa shule za msingi maziwa bure, nao wakafurahi sana. Lakini katika miaka ya 1990 mpango ule ulififia. Msaada ukija tuupokee kwa shukrani, ila sufuria isikae juu ya mafiga ya watu wengine.

Bwana alipowalisha Waisraeli mana jangwani, kila mtu aliokota kwa hesabu ya watu wa hema yake, wala hawakumsahau mdogo. Wenzangu, mavuno yajayo tuihesabu hema yetu vivyo hivyo, tuanze na aliye mdogo.