Kalenda Mbili za Daktari

Fikiri, msomaji, juu ya daktari mwenye kalenda mbili: moja katika programu ya kliniki yake, ya pili katika simu yake. Ya kwanza yamwambia ana mgonjwa saa tatu asubuhi. Ya pili, kwamba saa ile ile ana mkutano. Mgonjwa aliyetoka mbali hukaa kwenye benchi hata jua likafika utosini.

Kuziunganisha si kazi ngumu. Tangu mwaka 1998 upo utaratibu wa kuandika miadi, uitwao iCalendar, ambao programu nyingi huusoma. Lakini angalia ni kitu gani kinachovuka. Simu huachwa mezani, huazimwa watoto, na kioo chake hung'aa mbele ya wageni. Jina la mgonjwa na maradhi yake vikivuka pamoja na saa, siri imekwisha toka chumbani mwa daktari. Nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu huzihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Utaratibu huo huo waruhusu kupeleka saa peke yake. Simu husema daktari ana shughuli, saa tatu hadi saa tatu na nusu. Jina hubaki kliniki.