Bia ya Watawa Yanikokotesha Baiskeli
Msomaji wangu, Westvleteren 12 si bia ya kugida. Mimi niligida. Nilitoka Poperinge, Ubelgiji, kwa baiskeli, koo limekauka, nikatua baa ya In de Vrede, ng'ambo ya abasia ya Sint-Sixtus ambako watawa wanapika bia tangu karne ya 19. Nikaletewa glasi pana yenye mguu, kama kikombe cha misa. Haina ule ubaridi wa kuuma meno, nikanuna. Kumbe ndiyo yenyewe! Nyeusi ya hudhurungi, povu zito, harufu ya zabibu kavu na sukari iliyoungua, halafu kijiuchungu kooni. Kilevi asilimia 10.2, karibu mara mbili ya bia zetu nyingi. Kwangu utamu umezidi kidogo. Nyama choma ingeukata. Glasi ya pili ikanishinda, na baiskeli niliikokota hadi mjini.