Nyumba za wakoloni na sinia la babu

Nakiri mapema ili msije mkanisuta baadaye: nazipenda nyumba za wakoloni. Dari la juu, kuta nene, sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga, na varanda pana ambayo ukiketi jioni unahisi hata madeni yamepungua. Sisi tunaopanga chumba kimoja Sinza, dirisha linatazama ukuta wa jirani, tunaelewana hapo.

Basi nilikuwa Nairobi kwenye semina (semina za waandishi mnazijua, chai nyingi na maneno mengi zaidi). Mchana mmoja tukaachiwa, nikaenda Karen kuiona nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeishi pale hadi 1931. Ilijengwa 1912 na mhandisi wa Sweden. Shamba la kahawa lilimshinda, pale ni juu mno kwa zao hilo, likauzwa, akarudi kwao na 1937 akatoa kitabu chake, Out of Africa. Serikali ya Denmark ikaikabidhi nyumba kwa Kenya 1964, zawadi ya Uhuru. Filamu ilipotoka 1985 watu wakataka kuiona, mwaka uliofuata ikawa makumbusho.

Ni nzuri, jamani. Mawe ya kijivu, vigae vyekundu, na kwa mbali vilima vya Ngong. Nilisimama varandani nikaanza kujipangia maisha: meza yangu ya kuandikia hapa, kiti pale, saa kumi chai inaletwa.

Inaletwa na nani?

Hapo babu akanijia. Babu mzaa mama, marehemu sasa, alikuwa boi kwa mzungu wa kahawa karibu na Usa River miaka ya 1950. Nyumba ile aliijua kwa sinia: hatua kumi na nane toka jikoni mpaka mezani, sita zaidi wakila varandani. Miaka tisa, na hakuna kiti alichowahi kukikalia. Niliwahi kumuuliza, babu, ilikuwa nzuri? Akajibu, "Ilikuwa na vioo vingi." Maana aliyevifuta ni yeye.

Nikazunguka nyuma. Jiko limejitenga na nyumba, kama kawaida ya wakati ule, moshi na wapishi vikae mbali. Wageni wengi wanachungulia na kupita. Mpishi Kamante Gatura tunamjua kwa sababu bibi yake alimwandika, na 1975 hadithi zake mwenyewe zikatoka kitabuni. Wengine wengi hatuwajui hata kwa majina. Sheria ya 1918 iliwataka Waafrika waliokaa kwenye mashamba ya walowezi wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili wabaki, tena kwenye ardhi ambayo wengi wao walijua ni ya wazee wao.

Mwenzangu wa semina alisema nyumba hizi zibomolewe zote. Nilimkatalia, na bado namkatalia. Ukibomoa varanda ya bwana unabomoa na jiko la babu yangu, halafu nitamwonyesha nani mwanangu? Ninachotaka ni kidogo tu: matembezi yaanzie nyuma, jikoni, ndipo tuletwe mbele.

Kabla ya kuondoka nikahesabu hatua toka jikoni hadi chumba cha chakula. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.